Chui Waliyemwona Wote

Fundi alipanda gari la mumewe kwenda kuangalia wanyama akiwa ameshaamua kumwacha. Begi lilikuwa tayari, limesukumwa nyuma ya cherehani na kufunikwa vipande vya vitambaa, na kaka yake alikuwa ameshaambiwa kwamba kesho atapata mgeni. Kilichobaki ni hii siku moja ya mbugani. Hakuwa na hamu nayo hata chembe, lakini kampuni ilikuwa imetangaza kwamba kabla ya msimu wa watalii kila dereva alete familia yake ione kazi anayoifanya, na mwanamke anayejiheshimu hamwachi mume katikati ya mwaliko.

Sababu yenyewe ilikuwa ndogo, ukiisikia kwa mtu mwingine. Mwezi uliopita Fundi alikuwa anatoka sokoni na kapu lake, na mumewe alikuwa anakuja kwa njia ileile, amevaa sare yake ya kaki, kidevu juu. Fundi akatabasamu. Akasimama kabisa, akaweka kapu chini, apokewe mzigo kama mke wa mtu. Mume akampita. Hakugeuka wala hakuguna. Alipita karibu kiasi cha kumgusa kwa kiwiko, macho mbele, kama anayepita nguzo ya umeme. Muuza vitunguu, ambaye hana dogo, akasema kwa sauti ya kusikika meza zote, "Fundi, huyo si mzee wako? Au nimefananisha?"

"Umefananisha," Fundi akajibu, akanyanyua kapu lake mwenyewe.

Tangu siku hiyo akawa anachunguza, na anayechunguza hakosi. Alishona gauni jipya, akalivaa mbele yake siku nzima, mume asiseme neno. Akimwonyesha picha za watoto kwenye simu, walivyopendeza na sare za bweni, yeye husema "wazuri" kabla picha haijafunguka. Mama mkwe naye, aliyekuwa akiishi nao, alikuwa na mambo yake: kila jioni humsubiri mwanawe mlangoni, humwekea kandambili miguuni, humshikisha kikombe mkononi kama anamlea upya. Mama anayemficha mwanawe kosa huwa hivyo, Fundi aliwaza. Kitu kimoja tu kilikataa kukaa mahali pake. Mume mwenye mwanamke wa nje huchelewa kurudi, na huyu alikuwa anawahi nyumbani kabla giza halijaingia. Fundi aliligeuza jambo hilo juu chini, asipate upindo wake, akaliacha.

*

Mumewe aliitwa Jicho tangu alipoanza kazi, kwa sababu alikuwa akiuona mkia wa chui wakati wenzake bado wanautafuta mti. Jina lilimfaa, likampatia wageni, likawasomesha watoto watatu. Asubuhi ile alikuwa ameosha gari hadi linang'aa, na alikuwa anazunguka akilipapasa kwa kiganja, mlango hadi mlango.

"Shikamoo, Mama," alisema Meneja, akimpa mkono mama mkwe. Alikuwa mgeni katika kampuni, mwanadada aliyetokea upande wa hoteli, viatu vyake vipya bado havijaonja vumbi.

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye mkubwa wa hawa? Mbona mdogo hivyo?"

"Chumvi yangu bado kidogo, Mama."

"Basi kaa mbele, usije ukarushwa nje na mashimo."

Meneja akakaa mbele kando ya Jicho. Fundi na mama mkwe wakakaa nyuma, paa likafunguliwa, wakaingia getini. Nyasi zilikuwa za rangi ya mkate, na hewa ilinuka mavi ya wanyama na majani. Hata Fundi, aliyekuja na moyo mgumu kama jiwe la kusagia, alijikuta amevuta pumzi ndefu.

"Nitakueleza ukweli," Meneja akamwambia Jicho. "Leo sikuja kutembea. Msimu unaanza na nachagua dereva kiongozi. Wote wamenitajia wewe. Kwa hiyo nataka uzime redio."

"Redio?"

Madereva wote wa mbugani huambizana kwa redio. Aliyemwona simba huwaita wenzake, na kesho wenzake humwita yeye. Ile sauti ya kukwaruza ilikuwa imewasindikiza tangu getini.

"Redio ni ya usalama, Meneja."

"Kwa usalama tuna simu. Nimeambiwa Jicho hahitaji kuambiwa na mtu. Nataka nione."

Fundi alimwona mumewe akinyoosha mkono kuzima, kidole kikaangukia kitufe kisicho chake, kikahamia kingine. Ana wasiwasi, alifikiri. Na kwa nini asiwe na wasiwasi, amekaa kati ya mke aliyemdharau na mwanadada aliyejipulizia manukato?

Walikwenda kitambo bila kuona kitu cha maana, swala na pundamilia tu, ambao Jicho aliwataja vizuri kwa sababu walikuwa barabarani na walikuwa wengi. Kisha gari likapunguza mwendo chini ya mti mkubwa wa matawi mapana. Jicho akazima injini, akaelekeza kidole juu.

"Chui," alinong'ona. "Tawi la pili, pale kwenye panda. Ameninginiza mguu mmoja."

Wote wakainua nyuso. Fundi aliona tawi la kwanza, akaona la pili, akaona panda, na kwenye panda akaona nundu ya mti, kubwa, yenye mabaka ya ukungu. Chui hakumwona.

"Ooh," alisema Meneja. "Ooh, namwona."

"Umeuona mkia?"

"Huu hapa mkia." Akainua simu, akapiga picha tatu.

"Mnyama mzuri, jamani," alisema mama mkwe, kwa sauti ya mtu anayemsifia mtoto mchanga wa jirani.

"Mimi simwoni," alisema Fundi.

Ndege mmoja alilia, akanyamaza.

"Tuliza macho, mama watoto," Jicho alisema bila kugeuka. "Macho yaliyozoea sindano hayaoni mbali."

Meneja akacheka kwa upole, upole ule unaouma kuliko tusi. Fundi akahisi uso unamwaka. Mwanamke anayepitisha uzi kwenye tundu la sindano kwa taa ya koroboi anaambiwa haoni chui mzima juu ya mti! Akatazama tena nundu, akaitazama sana, mpaka ikaanza kuonekana kama inapumua. Nani anataka kuwa mjinga peke yake garini?

"Aah," alisema. "Kumbe yule. Nimemwona."

*

Walipovuka korongo wakaona magari mawili ya watalii yamesimama mbele, na wageni wamejazana upande mmoja, wameinamia kulia.

Hapo ni lazima nieleze ujanja wa madereva wa mbugani, ambao kila dereva anaujua na hakuna anayeusema mbele ya mteja. Ukiona magari yamesimama, humtafuti mnyama, unawaangalia wageni. Wakiinamia kulia, yuko kulia. Wakinyamaza, ni simba au chui. Wakicheka, ni nyani. Jicho alikuwa ameishi kwa ujanja huo miezi kadhaa, huo na redio, na ulikuwa haujamwangusha. Akasogeza gari taratibu, akasikiliza. Wageni walikuwa kimya kabisa.

"Simba jike," alisema kwa sauti ya chini, na furaha yake ilikuwa ya kweli, kwa maana alikuwa ameanza kukata tamaa. "Nyuma ya kichaka kile. Amelala. Meneja, tayarisha simu. Subirini tu, atainuka."

Akainuka. Alikuwa mama wa makamo mwenye kofia pana, anafunga mkanda wa suruali.

Meneja alikuwa ameshabonyeza.

Yule mama akapiga ukelele. Wageni, ambao kumbe walikuwa wamewekwa pale wamwangalizie mwenzao asije akavamiwa akiwa anajisaidia, wakageuka wote kulitazama gari lililokuja kupiga picha. Nyuma ya gari la kwanza akachomoza dereva mwenzake Jicho wa kampuni nyingine, yule waliyemwita Spea, mikono imejaa grisi, tairi lililopasuka limeegemea goti lake.

"Jicho! Huyo ni mgeni wangu!" Spea alikuwa hajui acheke au alie. "Simba jike? Mimi nimepata pancha hapa, wewe unaniletea simba jike?"

Wageni wawili wakaanza kucheka, kisha wote, isipokuwa mwenye kofia. Meneja akashuka akiomba radhi kwa lugha mbili, akifuta picha mbele ya yule mama. Akarudi garini uso umemshuka.

"Ule ulikuwa utani?" aliuliza.

"Utani, Meneja. Sisi na Spea tunataniana sana."

"Mimi sikuuelewa."

"Ni utani wa madereva."

Meneja alimtazama, akamtazama Spea anayejipangusa machozi ya kicheko, hakujua ashike lipi. Lakini Fundi hakuwa amecheka. Alikuwa amemwangalia mumewe tangu mwanzo, na alikuwa ameona kitu ambacho hakuna mwingine aliyekiona. Jicho alicheka akiwa amechelewa. Alingoja wengine wacheke, akageukia zilikotoka sauti, ndipo akacheka. Na kabla ya hapo, yule mama alipoinuka mbele yake mchana kweupe, Jicho alikuwa amemkazia macho na ule uso mtulivu, kidevu juu, kama anayetazama nguzo ya umeme.

*

Chakula walikula penye meza za zege, mahali panaporuhusiwa kushuka. Kila mtu alipewa kisanduku: kipande cha kuku, mkate, yai, ndizi, na maji ya matunda. Meneja alikuwa mbali na simu sikioni, anaongea na kampuni iliyomleta yule mama mwenye kofia, anainamisha kichwa kana kwamba wanamwona. Jicho alikuwa amejilaza ndani ya gari, kofia usoni.

Fundi alimenya yai, akaliweka. "Mama."

"Naam."

"Haoni."

Mama mkwe aliendelea kutafuna. Alitafuna kitambo kirefu, maana meno yake hayakuwa mengi.

"Mama, nakuuliza. Ulijua?"

"Niliolewa na mmoja, nikamzaa mmoja. Unafikiri nitashindwa kuujua mwendo?" Alijipangusa mdomo. "Baba yake alianza hivihivi. Ukungu, anasema. Taa mbovu. Dirisha chafu. Tukampeleka kwa mtu wa dawa, akamtia kitu machoni, akarudi hata jua halioni. Ndiyo maana huyu anaogopa. Akisikia neno daktari anaona giza la baba yake."

"Na mimi? Mbona hamkuniambia?"

"Ungemwacha."

"Mama, nilikuwa namwacha kwa sababu sikuambiwa!"

Mama mkwe aliacha kutafuna. Akamtazama Fundi kama mtu aliyekuta mlango wa nyumba yake wazi.

"Unamwacha?"

"Kesho."

"Kwa ajili gani?"

"Alinipita sokoni."

Likisemwa hivyo, halikuwa na uzito hata wa ganda la yai. Na Fundi hakumngoja mama mkwe ajibu, kwa sababu jambo lilikuwa linamjia na alikuwa analitambua taratibu. Hakukuwa na mwanamke. Hakudharauliwa. Gauni halikuonekana, picha hazikuonekana, yeye mwenyewe hakuonekana, na anayewahi nyumbani kabla ya giza anawahi kwa sababu gizani hafiki. Usilolijua ni usiku wa giza. Furaha ilimjaa mpaka ikambidi ashike ukingo wa meza. Alikuwa amefurahi. Mumewe, baba wa watoto wake, alikuwa anapofuka, na yeye alikuwa amekaa mbele ya yai lililomenywa amefurahi kama mtoto aliyepewa pipi.

Kisha akaona aibu, kisha akakasirika, kisha akaogopa, yote kwa mara moja, na hakujua aanzie wapi.

"Kula," alisema mama mkwe kwa sauti ya chini. "Yule binti anarudi."

*

"Meneja," alisema Fundi walipokuwa wanapanda, "naomba nikae mbele. Nyuma kunanipa kichefuchefu."

Meneja hakuwa na nguvu ya kubishana. Alikaa nyuma, na mama mkwe, ambaye haijawahi kutokea akamsimulia mtu jambo bila kuanzia kwa babu zake, akaanza kumsimulia habari za mimba zake zote.

Fundi alikaa kando ya mumewe. Mume alinukia sabuni ileile ya siku zote. Gari likaondoka.

"Kulia," Fundi alisema chini kwa chini, kama anayejisemea. "Mbali kidogo. Kijivu, wakubwa. Chini ya miti."

Mikono ya Jicho ilikaza usukani. Hakugeuka. Kwa muda kulisikika injini tu na mimba ya pili ya mama mkwe.

"Wengi?" alisema hatimaye, midomo haikufunguka vizuri.

"Wengi. Na mtoto, yuko katikati ya miguu."

"Meneja," alisema Jicho kwa sauti kubwa, "tazama kulia kwako. Tembo. Wamemweka mtoto katikati, kwa hiyo tusisogee zaidi ya hapa."

Ndivyo mchana ulivyokwenda. Fundi akiona, Jicho akisema. Alimwambia "shingo," naye akaeleza twiga. Alimwambia "wamelala chali kama walevi, miguu juu," naye akaeleza simba walioshiba, na safari hii walikuwa simba kweli, saba, mmoja anapiga miayo. Meneja alipiga picha mpaka simu ikalalamika kujaa. Hakuna aliyemwambia mwenzake kwamba anajua, wala kwamba anajua kuwa mwenzake anajua. Lakini mara moja Fundi alipokosea, akamwita nyati ng'ombe, Jicho alicheka puani, kile kicheko chake cha zamani, na Fundi akalazimika kutazama nje. Tangu watoto waende bweni hawakuwa wamefanya kazi moja pamoja. Alikuwa anamsaidia mtu kudanganya, na ulikuwa mchana mzuri kuliko yote ya mwaka ule.

Jioni wakashika njia ya getini, jua mbele yao, kubwa, limekaa barabarani. Fundi aliwaona ngiri wakitoka kwenye nyasi, mama na vitoto vinne vimemfuata kwa mstari, mikia juu. Akangoja gari lipunguze mwendo. Halikupunguza. Fundi alikuwa amesahau kwamba mumewe haoni.

Akamvuta shati. "Simama!" alimnong'oneza.

Jicho akakanyaga breki kwa miguu miwili. Meneja akajigonga kiti cha mbele, vumbi likawapita, na kitoto cha mwisho kikapita chini ya bampa, kikapotea nyasini.

"Umewaona kwenye jua lile!" alisema Meneja, akijishika paji la uso. Alikuwa amesahau kichaka, amesahau kila kitu. "Mimi sikuona kitu! Basi, yameisha. Wewe ndiye dereva kiongozi. Jumatatu nakupa familia ya watu sita, wana watoto wadogo wawili, nilikuwa naogopa kumpa mtu yeyote."

"Asante, Meneja," alisema Jicho.

Fundi alikuwa bado ameshika shati. Jumatatu nani atalivuta?

*

Getini Meneja alikwenda ofisini kusaini kutoka. Jicho akaenda msalani. Fundi akashuka, akasimama kwenye njia ya kutokea msalani, karibu na kibao kinachokataza kutupa taka, mikono mitupu, jua limemwangaza usoni. Hakuita.

Jicho akaja. Kidevu juu, mgongo umenyooka, macho mbele. Ulikuwa uso uleule wa sokoni, na sasa Fundi aliuona ulivyo. Haukuwa na kiburi hata kidogo. Ulikuwa uso wa mtu anayetembea gizani katika nyumba ya watu.

Akampita. Kiwiko kikamgusa.

"Samahani, mama," alisema Jicho, akaendelea.

"Ni mimi."

Alisimama kama aliyekanyaga msumari. Akageuka akiwa ameshatabasamu. "Najua. Nilikuwa nakutania."

"Hukunitania."

"Jua lilikuwa..."

"Jua lilikuwa nyuma yako, baba watoto."

Tabasamu likabaki usoni kwa muda, halina kazi, kisha likaondoka.

"Sikukuona," alisema.

"Na siku ile sokoni?"

"Siku gani?"

Fundi alikuwa amejiandaa kwa majibu mengi mwezi mzima. Alikuwa na majibu ya kila jibu lake, ameyapanga akiwa anashona, amevunja sindano nayo. Hili hakulipanga. Kulikuwa na siku iliyomnyima usingizi, iliyomfanya afungashe nguo zake, na kwa mumewe siku hiyo haikuwahi kuwepo.

"Basi," alisema. "Nitakueleza. Sasa nenda kamwambie Meneja."

"Tutakula nini?"

"Sijui."

"Nikikataa?"

"Nitamwambia mimi. Utanichukia, lakini watoto wa watu watafika kwao wazima. Mficha uchi hazai, baba watoto."

"Nimeshazaa watatu," alisema Jicho, na sauti ikamkatika katikati ya mzaha wake mwenyewe. Alijipangusa macho kwa mkono wa shati, macho yasiyomfaa kwa kuona lakini kwa kulia yalikuwa mazima kabisa. "Naogopa, mama watoto. Baba alikwenda akiwa anaona kivuli, akarudi haoni hata kivuli."

"Baba alipelekwa kwa mtu wa dawa. Wewe utapelekwa hospitali na mimi."

Meneja alitoka ofisini na karatasi mkononi. Jicho alimwendea, au aliendea sauti ya viatu vyake, akamnyooshea funguo za gari.

"Sioni vizuri, Meneja. Siyo leo tu. Ni muda sasa."

Meneja akacheka, akitafuta utani wa madereva ulipo. Hakuuona. "Lakini wale tembo?"

"Mke wangu."

"Na simba?"

"Mke wangu."

"Ngiri! Kwenye jua lile!"

"Alinivuta shati."

Meneja alimgeukia Fundi, akamgeukia mama mkwe aliyekuwa amechungulia dirishani, akarudi kwa Jicho. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyepewa kitambaa akaambiwa ashone, hajui mbele ni wapi.

"Na chui?" alisema. "Chui tulimwona wote."

Hapo Jicho naye akageuka. "Kweli, mama watoto. Chui alikuwepo?"

Fundi alitazama viatu vyake. Mama mkwe akarudisha kichwa ndani. Meneja alifungua simu, akatafuta, akaikuza picha kwa vidole viwili, akaikuza tena.

"Nilipiga tatu," alisema hatimaye. "Zote za nundu."

Hakuna aliyecheka, ingawa kila mmoja alitaka. Meneja akazichukua funguo. Hakuahidi kazi; alisema angezungumza na wakubwa, na kwamba mjomba wake alitolewa mtoto wa jicho na sasa anasoma gazeti, lakini hakujua kama ni ugonjwa uleule, na hakutaka kumdanganya mtu siku hiyo. Kisha akavua viatu vyake vipya, akakaa nyuma ya usukani.

*

Jicho alikaa nyuma, kati ya mama yake na mkewe, mahali ambapo hajawahi kukaa katika gari lile. Hakujua mikono aiweke wapi. Mama mkwe alisinzia mara moja, au alijifanya.

"Kuna nini nje?" Jicho aliuliza.

"Hakuna kitu. Barabara."

"Upande wa pili?"

"Mbuzi. Mbuzi wa mtu, wa kawaida."

Aliitikia kwa kichwa, kana kwamba mbuzi wa kawaida ni habari njema. Baadaye akasema, "Kwa hiyo hospitali lini?"

"Kesho. Begi nimeshafunga."

"Umefunga saa ngapi? Tumeshinda huku wote."

Fundi angeweza kusema alfajiri. Angeweza kusema la watoto, la nguo za wateja, lolote. Lakini kutwa nzima alikuwa amewasikia watu wakiona visivyokuwepo, na yeye akiwa mmoja wao.

"Juzi," alisema.

Jicho alikaa na neno hilo. Gari lilipita shimo, likapita lingine, Meneja akaomba radhi huko mbele. Fundi alimwangalia mumewe akilifikiria, begi lililofungwa juzi kwa ugonjwa uliojulikana leo, na aliona lilipomfikia, kwa sababu mabega yalishuka.

Hakuuliza. Mkono wake ulitoka gotini, ukaanza kutafuta juu ya kiti kati yao. Ulipita kando ya wa Fundi, ukagusa mkanda wa kiti, ukarudi, ukapita tena upande usio wake. Fundi aliutazama ukihangaika. Kisha akausogeza mkono wake mpaka pale ulipokuwa unatafutwa, akasema, "Ni mimi."